Gari linatetemeka likiwa D, mauntingi ya injini imebadilishwa na hali imezidi

DadaUsukani

Habari za humu wakuu. Naomba msaada, na naomba msome mpaka mwisho kabla hamjaniambia "peleka kwa fundi", maana kwa fundi nimeshakwenda, tena kwa wawili.

Gari langu ni dogo, la petroli, silinda nne, lita 1.5, otomatiki, linavutwa na magurudumu ya mbele. Limetembea kilomita 168,000 na lina miaka 14. Tatizo lilianza kidogo kidogo miezi mitano iliyopita. Nikisimama kwenye taa, mguu kwenye breki, gia ikiwa D (ya kwenda mbele), usukani unanitetemekea mikononi na kioo cha ndani kinacheza mpaka taa mbili za gari la nyuma naziona nne. Nikisogeza gia N (huru), kimya. Nikirudisha D, tunaanza upya. Baadaye ikaongezeka sauti: asubuhi nikitoa P (ya kuegesha) kwenda R (ya kurudi nyuma) nasikia "kok!" chini ya miguu, kama mtu kagonga sakafu ya gari kwa nyundo ya mpira. Nikitoka R kwenda D, "kok!" ya pili.

Fundi wa kwanza alisema plagi. Tukabadilisha zote nne, hamna kitu. Akasema throto (mlango wa hewa ya injini) imechafuka, akaisafisha. Sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikatulia kidogo kwenye N, lakini kwenye D yale yale. Fundi wa pili alifungua boneti akaniita nione ile mauntingi (kishikizo chenye raba kinachoishika injini kwenye bodi) ya juu kulia, inayoonekana mara tu ukiinama. Akanionyesha ufa kwenye raba na weusi wa mafuta chini yake. "Ugonjwa ndio huu." Nikakubali, ufa niliuona kwa macho yangu mwenyewe. Kuibadilisha hakukuchukua hata dakika ishirini.

Sasa sikieni. Tangu siku hiyo hata kwenye N kuna mngurumo mzito ambao haukuwapo, na ule wa D umezidi ukali. "Kok" ipo pale pale. Nikirudi kwa fundi ananiambia mpya lazima ikae, itazoea. Leo wiki ya tatu haijazoea.

Ninachotaka kujua: mauntingi mpya inaweza kuwa ndiyo inayoleta mtetemo? Nitatambuaje ipi mbovu bila kubadilisha zote kwa kubahatisha? Na mtu mwenye jeki moja ya magurudumu, stendi mbili na boksi la soketi anaiweza kazi hii mwenyewe? Pedi za breki na alternata nimewahi kubadilisha kwa mikono yangu. Shemeji yangu atakuja kunisaidia, ingawa yeye kazi yake kubwa ni kushika tochi na kutoa maoni.

Taa ya injini haijawahi kuwaka hata siku moja.

MzeeSpana

Dada, pole na hongera. Pole kwa gari, hongera kwa maelezo. Wengi huandika "gari linatetemeka nifanyeje" halafu wanataka tupige ramli.

Jaribio kubwa kuliko yote umeshalifanya bila kujua. Gari likiwa D na umekanyaga breki, injini inasukuma kupitia toki konvata (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi) lakini magurudumu hayaruhusiwi kuzunguka. Nguvu ile lazima iende mahali, basi inaigeukia injini yenyewe: inataka kujipindua kinyume, inalala upande mmoja na kuziegemea raba zake. Ukiweka N, haina cha kuegemea, inakaa katikati yake. Raba nzima ikiegemewa inabonyea na kumeza mtetemo. Raba iliyokatika inabonyea mpaka mwisho, chuma kinakutana na chuma, na kuanzia hapo kila kipigo cha silinda kinapita moja kwa moja hadi mikononi mwako. Misi (silinda kukosa kuwaka) ya plagi au koili ingekusumbua kwenye N pia, tena ingekuwa ya kurukaruka bila mpango. Tatizo la magurudumu lingefuata mwendo wa gari, na wewe umesimama. Kwa hiyo fundi wako wa pili alikuwa mtaa sahihi, nyumba ndiyo nina shaka nayo.

Kabla ya kushika spana, tazama geji ya mizunguko. Sema inasoma 750 ukiwa N. Injini yako inapiga mara mbili kila mzunguko, kwa hiyo ni vipigo 25 kwa sekunde. Ukiweka D ikashuka kidogo, sawa. Ikiporomoka hadi 550, hivyo ni vipigo 18 tu kwa sekunde, na huko unakaribia ule mwendo ambao injini yenyewe inapenda kuyumba juu ya raba zake. Hata mauntingi mpya nne zitatetemeka. Ikiwa hivyo, tatizo ni la hewa au throto, usiguse raba kwanza. (Throto ikisafishwa, magari mengi yanahitaji kufundishwa upya sailensi yake. Muulize fundi wa kwanza kama alifanya.)

Tuseme sailensi iko sawa. Gari la aina yako mara nyingi lina mauntingi nne. Ya juu kulia upande wa mkanda, na ya kushoto kwenye giaboksi, kwa kawaida imejificha chini ya betri: hizi mbili ndizo zinazobeba uzito. Kisha ya mbele na ya nyuma, chini, ambazo hazibebi sana. Kazi yao ni kuizuia injini isijipindue. Magari mengine yana moja tu huko chini, yenye umbo la mfupa. Soma tena dalili zako mwenyewe: D, R, "kok" wakati wa kubadili gia. Hizo zote ni dalili za kujipindua. Naye akabadilisha inayobeba uzito, kwa sababu ndiyo inayoonekana bila kulala chini. Mimi ningeanza na ya nyuma, iliyobanwa kati ya injini na ukuta wa dashibodi. Ni mahali pa joto la egzosi, mbali na macho ya watu, na mafundi hawapendi kupaingia.

Fanya hivi. Boneti wazi, hendibreki juu, mguu wa kushoto umebana breki kwelikweli, na mbele na nyuma ya gari pasiwe na mtu wala mtoto wala kuku. Shemeji asimame ubavuni na simu inayorekodi polepole. Weka D, kanyaga mafuta mpaka kama 1,500, hesabu moja, mbili, achia. Usizidishe, mafuta ya gia yanachemka haraka ukifanya hivyo. Rudia kwenye R. Kwenye D kichwa cha injini kitalala kuelekea kwako na mbele itainuka, kwenye R kitakwenda kinyume. Kusogea kidogo ni halali. Ikiinuka sentimita mbili au tatu na kurudi kwa kishindo, umepata mgonjwa.

Kisha jaribio la pili, ndilo ninaloliamini zaidi. Gari juu ya stendi, injini imezimwa. Weka kipande kipana cha mbao juu ya jeki, kiguse chini ya giaboksi, pandisha polepole mpaka injini iinuke milimita tano hivi, halafu nenda na tochi kwenye kila mauntingi. Raba nzima inavutika kama ngozi. Iliyokatika inafunguka kama mdomo wa samaki. Raba inaweza kukaa imefunga vizuri kabisa gari likiwa chini, ukaapa ni nzima, kumbe imeachana na chuma mzunguko wote na ni uzito tu unaoifunga. Nilidanganywa hivyo mara moja: nilimwambia mtu mauntingi yake ya nyuma ni nzima, akaenda kwa mwingine, akarudishiwa vipande viwili mkononi. Akaja kunionyesha. Hakusema kitu, aliviweka tu juu ya meza yangu.

Kuhusu hiyo mpya inayonguruma: ndiyo, mpya inaweza kuleta mtetemo. Ama raba yake ni ngumu kuliko ya awali, ama ilikazwa ikiwa imepinda, na kwa dakika ishirini mimi naiona ya pili. Injini yako ilikuwa imeshaegemea upande kwa sababu nyingine imekufa. Yeye kaingiza mpya kwenye mkao ule ule wa kilema akakaza. Sasa raba inavutwa kwa ubavu saa 24.

Na ule weusi wa mafuta alikufutia au alikueleza umetoka wapi?

RabaNgumu

Mzee kaandika kitabu lakini mimi nitasema kwa ufupi: badilisha zote nne, lala usingizi. Zina umri mmoja, zimekula joto moja. Ukibadilisha moja unazipa mzigo zilizobaki nazo zinakufa kwa zamu, kila miezi mitatu uko chini ya gari. Au kama hutaki usumbufu, chukua gundi ya kubandikia vioo vya magari, ile nyeusi, jaza matundu ya raba, acha siku mbili ikauke. Mimi ya chini nilijaza hivyo, mwaka wa pili huu, injini haitikisiki hata kidogo.

MzeeSpana

RabaNgumu, injini yako haitikisiki, na dashibodi je?

RabaNgumu

😂 Dashibodi inalia kama debe la misumari. Lakini "kok" imekwisha, mzee.

MzeeSpana

Basi umemjibu dada mwenyewe. Gundi kwenye mauntingi ya mfupa yenye matundu wazi, mtu anayependa gari gumu na la mbio anaweza kuvumilia, kama wanavyovumilia zile za poliurethani (plastiki ngumu kuliko raba). Yeye analalamikia mtetemo, utampaje kitu cha kuongeza mtetemo? Na asijaribu kabisa kwenye ile ya juu kulia. Nyingi za pale ni za haidroliki: ndani kuna vyumba viwili vya majimaji na njia nyembamba kati yake, injini ikiyumba majimaji yanahama chumba hadi chumba na kuukatisha mwendo. Ukitoboa au ukijaza gundi umeiua.

Kubadilisha zote si vibaya kama zote zimechoka. Ila kwanza ajue ipi imekufa. Akibadilisha zote nne na mtetemo ukabaki, atakuwa hajui chochote zaidi ya alichojua leo.

KijanaJeki

Naongeza upande wa kazi yenyewe, maana nimeifanya mara tatu uwanjani, na mara ya kwanza nilijitia hasara.

Dada, jeki. Mimi niliweka jeki moja kwa moja kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini), bila mbao, nikaona inainuka vizuri nikafurahi. Sampo ni bati tu. Ilibonyea ndani taratibu, bila hata kelele. Nikamaliza, nikawasha, baada ya siku chache taa ya oili ikaanza kupepesa nikikata kona. Kumbe chujio la pampu linakaa karibu kabisa na sakafu ya sampo, nami nimelisogezea sakafu. Nikaishusha sampo, nikaigonga kwa nyuma ikarudi, nikaifunga kwa silikoni mpya. Kazi ya saa mbili ikawa ya siku mbili. Na sampo ya aluminiamu haibonyei, inapasuka. Mbao pana, inayoeneza mzigo, na ikiwezekana bebea kwenye giaboksi badala ya sampo. Tena jeki inabeba injini tu, gari lenyewe likae kwenye stendi. Usiingize mwili chini ya kitu kinachoshikwa na jeki peke yake.

Siri ya boliti: ile boliti ndefu inayopita katikati ya mauntingi ya nyuma ndiyo itakayokuambia kama jeki iko mahali pake. Legeza nati, halafu ijaribu kwa vidole. Ikitoka kwa vidole, injini iko kwenye urefu sahihi. Ikigoma, pandisha au shusha jeki kidogo sana, milimita moja moja, jaribu tena. Ukiona unatafuta nyundo, jua jeki haiko sawa. Wakati wa kurudisha ni hivyo hivyo: boliti zote ziingie kwa vidole angalau mizunguko mitatu minne kabla ya kukaza hata moja. Uzi wa boliti ukiingia kombo kwenye chuma cha giaboksi utalia.

Zinyunyizie boliti dawa ya kutu usiku wa kuamkia kazi. Fungua mauntingi moja kwa wakati mmoja, usifungue mbili pamoja. Piga picha kabla. Na vidole, dada: usiingize kidole kwenye tundu la boliti kupima kama limelingana. Tumia bisibisi. Injini ikishuka milimita mbili inakata.

DadaUsukani

Asanteni sana. Nimeanza na rahisi. Sailensi: N inasoma 750, D inasoma 700. Kwa hiyo hapo salama, sivyo?

Jaribio la breki tumefanya jioni. Shemeji karekodi. Kwenye D injini inainuka na kurudi, kwa macho sikuona cha kutisha, lakini kwenye video ya polepole unaiona inapanda, inasita, halafu inaruka kipande cha mwisho kwa ghafla kama mtu aliyekosea ngazi. Kwenye R inafanya hivyo hivyo, kwa nguvu zaidi. Mauntingi mpya ya juu haikutulia pia: breketi yake (chuma kinachoishikilia) inajisokota kuelekea upande wa taa.

Weusi wa mafuta: hakuniambia, alifuta. Nimeangalia sasa, umerudi. Ni oili, inateleza vidoleni na inanuka oili ya injini. Inatoka juu, kona ya kava la valvu (mfuniko wa juu wa injini).

Jumamosi nalala chini ya gari.

MzeeSpana

700 ni salama. Hicho kipande cha mwisho kinachoruka ndiyo "kok" yako, umeipiga picha.

Gasketi (kizibo cha raba) ya kava la valvu inavuja juu ya mauntingi. Oili inaivimbisha raba na kuilainisha, ndiyo maana ya zamani ilipasuka. Usipoifunga, hiyo mpya itafuata njia ile ile. Ni kazi ndogo, ifanye siku hiyo hiyo wakati boksi la hewa liko nje.

Ukifika kwenye ya juu, usiitoe. Jeki iwe imeshabeba, legeza boliti zake zote pamoja na zile za breketi, tikisa injini kwa mikono mbele na nyuma mara kadhaa, gari limezimwa, iache ijikalie yenyewe. Ikishatulia, kaza. Fanya hayo baada ya kuweka ya nyuma mpya, si kabla, la sivyo utakuwa unainyoosha kwa kufuata kilema. Kipimo cha kukaza ni cha kitabu cha gari lako, usichukue namba ya gari la jirani. Na kama kitabu kinasema boliti fulani huzungushwa nyuzi kadhaa za pembe baada ya kipimo, hiyo hairudiwi, weka mpya.

DadaUsukani

Wakuu, nimerudi, mikono yote ina mikwaruzo lakini nina furaha.

Tulianza saa mbili asubuhi. Stendi mbili mbele, kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma, mbao, jeki chini ya giaboksi. Nilipandisha mpaka nikaona pengo la kwanza linabadilika, nikaingia chini na tochi. Ya mbele: raba ina mikunjo kama kisigino kisichopakwa mafuta, lakini imevutika yote, haijaachia. Ya kushoto chini ya betri: nzima. Ya nyuma sikuiona vizuri kutoka chini, bomba la egzosi linaziba, ikabidi nijipindue nitazame kutoka upande wa gurudumu la kulia. Mzee, ulisema mdomo wa samaki. Huu ulikuwa mdomo wa mamba. Raba imeachana na chuma cha katikati upande wote wa juu na nusu ya chini, imebaki inashikiliwa na ukanda mmoja mwembamba kama mkanda wa ndala. Kwenye chuma cha ndani kuna alama mbili zinazong'aa, mahali kinapogonga, kimoja cha D na kimoja cha R. Nilizigusa, zimelainika kama shilingi ya zamani.

Shemeji aliomba aone. Nikampa tochi, nikapumzika.

Boliti ndefu iligoma. Nikakumbuka maneno ya KijanaJeki, nikashusha jeki kidogo, ikagoma zaidi. Nikapandisha, nikapandisha tena kidogo, halafu nikaisikia inalegea ghafla na ikatoka kwa vidole viwili. Hiyo ndiyo dakika niliyoipenda siku nzima. Boliti mbili za breketi za chini ndizo zilizokula saa moja na nusu, kutu tupu. Ya zamani ilipotoka niliishika ikakunjika mikononi kama kitabu.

Mpya ilipoingia, boliti zote kwa vidole, nikashusha jeki ikabaki inagusa tu. Nikahamia juu. Hapa mzee naomba nikuamkie, shikamoo. Nilipolegeza boliti za ile ya juu kulia, breketi ilisogea yenyewe pembeni kama milimita nne, na raba ambayo ilikuwa imejikunja ikanyooka mbele ya macho yangu. Wiki tatu ilikuwa imefungwa ikiwa imejipinda hivyo. Nikatikisa injini, nikaiacha, nikakaza zote kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), ya juu kwanza kisha ya nyuma kama kitabu kilivyopanga. Gasketi ya kava nimebadilisha, ya zamani ilikuwa ngumu kama plastiki, ilivunjika vipande nikiitoa.

Nimewasha. N: kimya, ule mngurumo hakuna. D: kuna mtetemo mdogo sana kwenye kiti ukitega akili, usukani umetulia. Kioo cha ndani, taa mbili ni mbili. R, D, R, D, nimefanya mara kumi, hakuna "kok".

Kimoja kimebaki. Nikikanyaga mafuta kwenye kilima, kuanzia 2,000 hivi, kuna sauti ya "trrrr" kama kikombe kwenye kisosi, upande wa kulia mbele. Ikipita 2,600 inapotea. Nimeshaanza kuogopa kwamba ni ile ya mbele yenye mikunjo. Nibadilishe?

KijanaJeki

Usikimbilie raba. Injini yako imehama mahali pake kwa milimita kadhaa, vitu vilivyozoea ule mkao wa zamani sasa vinaweza kugusana. Angalia bati la kukinga joto la egzosi, bomba lenyewe mahali linapokaribia bodi, na mabomba ya kiyoyozi. Piga bati kwa ngumi gari likiwa limepoa, likilia ndilo.

MzeeSpana

Kubali ya Kijana. Na kabla ya hayo, rudia kila kitu mlichokifungua siku ile, kimoja kimoja. Sauti iliyozaliwa siku ya kazi mara nyingi ni mtoto wa kazi. Ya mbele iache kwanza, ikivutika yote bado inafanya kazi. Itazame tena oili ikibadilishwa.

DadaUsukani

Bati halilii. Egzosi iko mbali na bodi, kidole kinapita.

Ni boksi la hewa. Klipu mbili kati ya nne hazikufungwa, mfuniko unacheza juu ya mdomo wa boksi. Aliyelirudisha ni shemeji, ndiyo kazi pekee niliyomwachia siku nzima. Nimemtumia picha. Amejibu kwamba yeye alijua, alikuwa anasubiri kuona kama nitaigundua.